Umri wa Nyumba ya Narung'ombe

Mthamini alikuwa binti mdogo, amevaa raba, mkononi ana kile kipimo cha mwanga kinachopima ukuta bila kuugusa. Aliniamkia, akazunguka vyumba vyote sita, akapiga picha choo, akapiga picha dari, kisha akasimama ukumbini na karatasi zake.

"Mzee, jengo lina umri gani?"

"Lipi, mwanangu?"

Alidhani namtania. Mimi nilikuwa najibu swali. Nyumba ya bibi yangu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, haikuwa na siku moja ya kuzaliwa. Kuta za kwanza, za miti na udongo, zilisimama mwaka 1951. Paa la kwanza lilikuwa la makuti, mabati yakaja 1958. Sakafu ya saruji ilimwagwa chumba kimoja kimoja, kila mpangaji alipohama. Kuta za mbele zilivunjwa zikajengwa za matofali mwaka 1974, za uani mwaka 1982, na choo kilikuwa kipya kuliko vyote. Mpaka siku ile ya mwaka 2013, tulipokuwa tumekubaliana warithi tisa kuuza (na huko kukubaliana peke yake kungejaza kitabu), sidhani kama udongo wa 1951 ulikuwa umebaki mahali popote, ila labda chini ya kizingiti cha chumba cha bibi.

Binti akaandika: "zaidi ya miaka 60". Nikachungulia karatasi yake, nikacheka peke yangu. Kwa mhasibu, nyumba ya miaka 60 ni sifuri.

Nasema hivyo kwa sababu uhasibu ndiyo kazi niliyoifanya miaka 35. Neno "uchakavu" nilikutana nalo mwaka 1977, nikiwa karani mpya katika shirika moja la umma ambalo halipo tena. Mkuu wangu alinipa daftari la magari, akanionyesha namna ya kupunguza bei ya kila gari mwaka hadi mwaka mpaka iishe. Ndani ya daftari lile kulikuwa na lori la Bedford lililokwisha kufika sifuri, na bado lilikuwa linakwenda Songea na kurudi. Nikamuuliza dereva kama anajua anaendesha gari lisilo na thamani. Akanijibu, "Siku likikwama Njombe, uje ulisukume kwa hiyo kalamu yako."

Majengo nayo yanahesabiwa hivyo hivyo. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inampa mwenye jengo la biashara punguzo la asilimia 5 ya gharama kila mwaka, kwa sababu jengo linachakaa na mtu hawezi kutozwa kodi kwenye fedha ambayo ukuta unaila. Gawanya mwenyewe: miaka 20, jengo limekwisha. Limekwisha kwenye vitabu, nina maana. Watu wanaendelea kulala ndani yake.

Ila hesabu hiyo ya umri wa nyumba ni ngeni katika mji wetu. Kwa muda mrefu serikali ilizihesabu nyumba zetu bila kujali zina miaka mingapi. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kibanda. Kilichosimama kililipa, kiwe cha jana au cha babu. Watu wakajibu kwa akili ya kawaida: ndugu wakahamiana, vibanda vikapungua, watu wakabaki wale wale. Waingereza wakaja na sheria yao ya mwaka 1922, ya kibanda na kichwa pamoja. Mwanamume asiye na kibanda alilipia kichwa chake, na mwenye wake wengi alilipia kibanda cha kila mke. Bibi alikuwa akisema babu yangu alimwacha kwa sababu ya kodi. Wengine katika ukoo wana maelezo mengine, lakini wote ni marehemu.

Na Kiswahili chenyewe kinatuchanganya. Anacholipa mpangaji kwa mwenye nyumba ni kodi. Anacholipa mwenye nyumba kwa serikali ni kodi. Juu ya hapo kuna pango la ardhi, maana tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ardhi ni ya umma, zamani chini ya gavana, leo Rais akiwa mdhamini, na mwenye kiwanja anapewa miaka yake kwenye hati: 33, au 66, au 99. Kwa hiyo bibi yangu alikuwa mwenye nyumba mbele ya wapangaji watano, na alikuwa mpangaji mbele ya serikali. Hilo alilijua vizuri kuliko mimi. Risiti za kiwanja alizitunza ndani ya foronya ya mto aliolalia.

Kariakoo yenyewe ilizaliwa kwenye vita vya watu wengine. Wajerumani walikuwa wamepanga kuwahamishia Waafrika upande ule, vita vya 1914 vikawakuta njiani. Waingereza walipouteka mji wakaweka pale kambi ya wapagazi wao, Carrier Corps, watu waliobebeshwa risasi na unga mpaka wengi wakafia porini. Jina la kambi likapita midomoni mwetu likatoka "Kariakoo". Baada ya vita viwanja vikapimwa kwa mistari iliyonyooka, mtaa na mtaa, na watu wakajenga nyumba ya aina moja, ile ambayo mpaka leo ukimwambia mtu wa Dar es Salaam "nyumba ya Kiswahili" anaiona kichwani: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi mrefu unaopasua nyumba, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma uani, jiko, choo na kamba ya nguo.

Nyumba ile ni mashine ya kupangisha. Haikuhitaji kubadilishwa chochote. Mwenye nyumba anakaa chumba cha kwanza, anaona anayeingia na anayetoka, na vyumba vitano vinamlisha. Ndiyo maana wanawake wengi wa mji ule, wajane na walioachika, waliikimbilia. Bibi yangu alitoka Kisarawe akiwa na mkufu wa dhahabu na ujuzi wa vitumbua. Mkufu ulikwenda kwenye kiwanja. Vitumbua vilikwenda kwenye miti, fito na fundi.

Daftari lake ninalo. Ni daftari la shule, jalada limekwisha, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Hakujua kuandika, kwa hiyo mwandiko unabadilika kila baada ya miaka michache, kutegemea nani katika wajukuu alikuwa amefika darasa la tatu. Kuanzia 1966 mwandiko ni wangu. Kila mwezi una mistari mitano: chumba cha pili, kuli wa bandarini, shilingi 15. Cha tatu, fundi cherehani, 15. Cha nne, mwalimu, 15. Cha tano, 12, kwa sababu kilikuwa kinavuja. Cha sita, "mama Tabora", 15, na pembeni mara nyingi: "bado".

Chini ya mistari hiyo mitano kuna wa sita, kila mwezi bila kukosa: "Nyumba, 5".

Nilipokuwa mtoto nilidhani Nyumba ni jina la mtu. Bibi alikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na kila alipopokea kodi ya chumba alitoa shilingi moja akaitumbukiza kwenye kopo kabla hajagusa nyingine yoyote. Chumba kisipolipa, alitoa yeye kwenye fedha ya vitumbua. Nikamuuliza fedha ile ni ya nini. Akasema, "Nyumba nayo inakula, mjukuu wangu. Usipoilisha itakula watu."

Mabati 28 ya mwaka 1958 yalitoka kwenye kopo hilo. Saruji ya vyumba vyote ilitoka humo. Miaka baadaye, mkuu wangu aliponieleza uchakavu mbele ya daftari la magari, alishangaa karani wa miaka ishirini ameelewa mara moja. Sikumwambia nimefundishwa na muuza vitumbua. Tena nathubutu kusema wa kwetu ulikuwa bora, kwa sababu uchakavu wa vitabuni ni wino, unapunguza faida ya kutozwa kodi na hakuna anayekagua kama fedha iliwekwa mahali. Wa bibi ulikuwa unalia ukitikisa kopo.

Februari 5, 1967, likaja Azimio la Arusha, na neno "mwenye nyumba" likaharibika. Masharti ya uongozi yalisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mambo ya hisa yaliwahusu wachache. Nyumba iliwahusu wengi, kwa sababu mtu wa mji huu akipata fedha kidogo alikuwa anajenga vyumba, hakuwa na benki nyingine aliyoiamini. Bibi Titi Mohamed, ambaye kabla ya Uhuru aliwatoa wanawake wa Dar es Salaam majumbani na kuwaingiza chama cha TANU, alikuwa mmoja wa waliolikataa sharti hilo, na mwaka huo huo akajiuzulu. Wengine walikuwa wapole zaidi. Mjomba wangu, mtumishi wa serikali wa cheo cha kati, alikuwa na nyumba yake Ilala. Baada ya Azimio nyumba ikawa ya mama mkwe wake. Kodi iliendelea kufika kwa mjomba, ikizunguka kidogo.

Bibi hakuwa kiongozi wa kitu chochote, sheria haikumgusa. Iliyomgusa ni lugha. Redioni walisema wanaoishi kwa kodi za nyumba wananyonya, na kijana mmoja wa chumba cha nne, aliyekuwa amechelewesha miezi miwili, akamwita mnyonyaji ukumbini. Bibi akamwonyesha kikombe chake. "Mnyonyaji gani anakunywa chai ya rangi?" Kijana akalipa mwezi mmoja.

Pigo lenyewe lilikuja Aprili 1971, nami nilikuwa na miaka 14. Sheria ya kutaifisha majumba ilichukua majengo yaliyopangishwa, yote au sehemu yake, yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Yalichukuliwa karibu 2,900, na sehemu kubwa mno ilikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia. Nyumba ya Narung'ombe, miti na udongo na mabati 28, haikufika hata robo ya shilingi 100,000. Kwa mara ya kwanza bibi alimshukuru Mungu kwa umaskini wa kuta zake.

Lakini sheria ile ilikuwa na kifungu kimoja ambacho sikukielewa mpaka nilipokuwa mhasibu, na nilipokielewa niliacha kalamu. Fidia ililipwa kwa kuangalia umri wa jengo. Jengo lililotimiza miaka 10 halikulipwa kitu. Lililo chini ya hapo lililipwa sehemu, na sehemu ilipungua kadiri miaka ilivyoongezeka. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ndani ya miaka 10 mwenye jengo amekwisha kurudisha gharama zake kwa kodi za wapangaji, kinachobaki ni faida tupu.

Huo ni uchakavu. Ni hesabu ile ile ya lori la Bedford, ila hapa imepewa meno. Mhasibu anapoandika sifuri dhidi ya lori, lori linabaki kwenye yadi. Mwaka 1971 sifuri ikiandikwa, jengo linahama.

Mtaa wa Uhuru kulikuwa na mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyemkopesha bibi khanga tangu kabla sijazaliwa. Jengo lake, duka chini na ghorofa mbili juu, alilimaliza mwaka 1959. Miaka 12, fidia hakuna. Mdogo wake alikuwa amejenga Upanga mwaka 1967, akalipwa. Ndugu wawili, baba mmoja, mafundi walewale, na tofauti yao ilikuwa kwamba mkubwa alifanya haraka. Yule mzee aliendelea kuuza vitambaa pale pale, akawa anapeleka kodi ya duka na ya chumba alicholala kwa mwenye nyumba mpya, Msajili wa Majumba. Mwaka uliofuata akaenda Kanada kwa wanawe. Kabla hajaondoka bibi alinituma nimpelekee deni la mwisho, shilingi 40. Akazihesabu, akakata jina la bibi kwenye kitabu chake kwa rula, akanipa peremende.

Najua hoja ya upande wa pili na siidharau. Kodi za mjini zilikuwa juu, mfanyakazi alikuwa analipa nyingi kwa chumba kibovu, na mabenki yalikuwa yakiwakopesha watu wa aina moja. Baadhi ya majengo yalirudishwa baada ya rufaa. Wapangaji wengi walishangilia, na mimi mwenyewe darasani nilishangilia. Ninachokikataa ni hesabu. Jengo la saruji la miaka 12 halijaisha. Majengo yenyewe yako mpaka leo, pita Mtaa wa Jamhuri ukayaone.

Na yalipoanza kuisha kweli, ilikuwa ni baadaye. Kodi za Msajili zilikuwa ndogo na matengenezo yakawa madogo zaidi. Mabomba yakapasuka yakafungwa kwa mpira wa baiskeli, lifti zikasimama, miti ikaota kwenye mifereji ya paa. Hapakuwa na kopo. Karatasi ilisema yamekwisha mwaka 1971, yakachukua miaka mingine 15 kuitii.

Kwa kuwa kodi ya halali ilikuwa ndogo, thamani ya kweli ya chumba ilitafuta njia nyingine ya kutokea, ikaipata: kilemba. Anayehama anamwachia funguo anayeingia, na anayeingia anampa fedha isiyoandikwa popote. Neno hilo lina safari yake. Bombay fedha ya namna hiyo huitwa pagri, na pagri maana yake ni kilemba. Kwetu kilemba kilikuwa tangu zamani ni zawadi ya heshima, anayopewa mwalimu au mjomba, kwa hiyo neno lilipowasili dukani lilikuta kiti chake tayari. Miaka ya themanini nimesikia kilemba cha fremu moja kikizidi kodi ya miaka 10 ya fremu hiyo hiyo. Hakikutozwa kodi hata senti. Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990, mwaka mmoja baadaye viongozi wa chama tawala, walipokutana Zanzibar, wakaondoa lile katazo la kiongozi kupangisha nyumba, na mjomba wangu akaanza kuitaja nyumba ya Ilala kwa jina lake. Mama mkwe alikuwa amekwisha fariki.

Hapo ndipo Kariakoo ikaanza kupanda juu. Wafanyabiashara wakawa wanakuja barazani jioni, wamekaa vizuri, wanakunywa kahawa yako, na mazungumzo ni yale yale: wewe una kiwanja, mimi nina saruji, tugawane. Unampa nyumba, anabomoa, anasimamisha ghorofa nane, wewe unapata fremu kadhaa na sehemu ya juu. Wengine walifaidika. Wengine walipewa chumba kisicho na dirisha ghorofa ya sita. Bibi alikufa mwaka 1996 akiwakatalia wote, na kopo lilikuwa na shilingi 31,500.

Sisi tuliuza moja kwa moja. Bei sitaitaja, warithi wenzangu wanasoma. Hadithi yangu iko kwenye kodi.

Sheria ya wakati ule ilisema mkaazi wa Tanzania akiuza jengo anatozwa asilimia 10 ya faida, asiye mkaazi asilimia 20, na faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama. Iko nafuu kwa nyumba ya kuishi mwenyewe, kama umeimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi na faida haizidi shilingi milioni 15. Kwa Kariakoo, milioni 15 haikununulii baraza. Basi tukabaki na neno moja, gharama. Nyumba imegharimu kiasi gani?

Nilikwenda na daftari. Nilikuwa nimeshinda wiki nzima najumlisha: miti, fito, mabati 28, misumari ratili nne, lipu, saruji, matofali ya 1974, matofali ya 1982. Afisa alikuwa kijana mstaarabu. Aligeuza kurasa polepole kama mtu anayeshika kitu cha makumbusho, akaniuliza ziko wapi risiti. Nikamwambia fundi wa 1951 hakuwa na kitabu cha risiti, alikuwa na shoka. Akacheka, akasema anaelewa, lakini.

Hata angeyakubali yote, isingesaidia. Jumla ya miaka yote 60 ilikuwa shilingi za zamani. Miti ya nyumba nzima mwaka 1951 ilimgharimu bibi chini ya bei ya soda moja ya siku ile tuliyouza. Fomu haina mahali pa kuandika shilingi ya mwaka gani. Kwa hiyo karibu bei yote ikawa faida, na asilimia 10 ya karibu yote ikaenda.

Hapa ndipo nilipomkumbuka yule mzee wa Mtaa wa Uhuru. Yeye aliambiwa jengo lake limezeeka mno, halistahili kulipwa. Sisi tukaambiwa letu liligharimu kidogo mno, kwa hiyo kilichobaki ni faida. Sababu mbili tofauti, na katika zote mbili kopo la bibi halionekani. Tungekuwa kampuni tungekuwa na vitabu, na tungepunguza asilimia 5 kila mwaka. Lakini kampuni nayo haiponi siku ya kuuza, maana jengo lililoshushwa vitabuni likiuzwa kwa bei iliyo juu ya kile kilichobaki, ile ziada inarudishwa kwenye mapato na kutozwa. Uchakavu ni mkopo, wenye kampuni wanalijua hilo. Mwenye nyumba wa kawaida, anayekatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 juu ya pango lote, hajawahi hata kuuomba.

Wenzetu wa Kenya wana visa vyao. Kodi ya faida ya kuuza mali waliianza mwaka 1975, wakaisimamisha 1985, ikalala miaka 30, wakaiamsha Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu 2023 ni asilimia 15. Mtu aliyeuza mwaka 2014 na aliyeuza 2015 wanaangaliana kama wale ndugu wawili wa Kihindi. Na Mombasa kuna jambo ambalo lingempendeza sana mwalimu wangu wa uhasibu: nyumba bila ardhi. Mtu anajenga nyumba ya vyumba sita, ukumbi na uani kama yetu, juu ya ardhi ya mtu mwingine, anamlipa mwenye ardhi kila mwezi, na akitaka kuuza anauza kuta na mabati tu. Huko ndiko unaweza kujua bei halisi ya nyumba. Yetu hatukuijua kamwe, kwa sababu mnunuzi hakuinunua.

Alinunua kiwanja. Siku ya pili baada ya kukabidhi alileta mafundi wenye nyundo, na siku ya nne palikuwa uwanja. Nilikwenda kuchukua mlango wa chumba cha bibi, mninga, mzito, ndio kitu pekee tulichokiweka kwenye mkataba kwamba hakiuzwi. Fundi aliyeung'oa akaniita nione chini ya kizingiti. Udongo mwekundu wa 1951, umekauka kama chungu, na ndani yake alama za vidole vya mtu aliyeukandika.

Mlango sasa uko kwangu Mbagala, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili vya kupangisha. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi zikapanda 1,500, na mpangaji wangu, ambaye mita iko upande wake, ndiye aliyeanza kuilipa bila kuulizwa. Alikuja na risiti ya umeme wa LUKU akaniuliza, "Baba, hii kodi ni ya nani?" Namrudishia kila mwisho wa mwezi, na majirani wananiona mjinga.

Mwaka 2023 sheria iliongezewa mlango kwa watu kama sisi: mkaazi asiye na kumbukumbu za gharama analipa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa. Kwetu ulichelewa miaka 10. Lakini bado mwenye risiti anaweza kupata hesabu nzuri kuliko hiyo, kwa hiyo kama bibi yako yu hai na ana nyumba, nenda wikiendi hii umuulize mabati alinunua mwaka gani, kwa bei gani, na kwa nani, uandike. Na ukikuta kopo, uliza ni la nini.